Ukurasa wa Kilo Tatu na Robo

Katika ofisi ya maji ya mji ule, mtu aliweza kuchelewa kazini akasamehewa. Aliweza kusinzia mezani akasamehewa, na hata yule aliyemwaga chai juu ya ramani ya mabomba jioni yake walicheka naye. Lakini mtu aliyegusa mashine bila kuandika kwenye daftari, huyo alikuwa amejitafutia mwenyewe. Ilibidi akutane na Bi Daftari.

Jina lake halisi lilikuwepo, tena kwenye kitambulisho alichokivaa shingoni siku zote kikiwa kimegeuka mgongo, ila kwa miaka ishirini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye mwendo wa haraka na miwani mbili: ya kusomea, na ya kuitafutia ile ya kusomea. Aliingia pale akiwa mpiga chapa, enzi za taipureta. Taipureta zilipoanza kukwama, yeye ndiye aliyezifungua, kwa bisibisi ndogo ya cherehani ya mama yake. Kompyuta zilipoletwa wenzake walizikwepa kama mgeni aliyekuja na mizigo mingi, naye akazifungua vilevile. Hakwenda chuo chochote. Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza, na kila alichokiharibu alikiandika, ili asikiharibu mara ya pili.

Hivyo ndivyo daftari lilivyozaliwa. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, la kumi na moja sasa, na lilikaa juu ya kistuli mlangoni mwa chumba cha mashine. Kalamu mbili zilifungwa kwa uzi: ya buluu ya watu wote, na nyekundu ya kwake. Kila mkono uliogusa mashine uliandika tarehe, saa, umegusa nini, umeikuta vipi, umeiacha vipi, kisha sahihi. Mstari usiomridhisha aliuzungushia wekundu, akamwita mwenye nao. Injinia wa mabomba, mtu wa shahada mbili, aliwahi kurudishwa kutoka getini, mkoba begani, aje aandike kwamba alichomoa waya wa printa.

"Mama, nilichomoa nikarudisha palepale!" Injinia alilalamika.

"Basi andika hivyohivyo. Umechomoa, umerudisha. Kalamu haiumi."

Watu walimcheka, lakini walimcheka akiwa mbali.

Mwaka ule akaletewa msaidizi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mwembamba, ambaye kwa miaka kumi na minane alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza redio. Watu wakaacha kuleta redio, wakaanza kuleta simu, kisha hata simu wakaacha, kwa kuwa waliona heri kununua nyingine. Akafunga kibanda, akasoma jioni mambo ya kompyuta kwa mwaka mzima, akaomba kazi pale. Ofisi ikampa miezi sita ya majaribio na jina la Fundi Redio, na vyote viwili akavipokea kwa shukrani.

Kipindi cha majaribio kilikuwa kinaisha siku ya Ijumaa. Kama mambo yangekwenda sawa, Fundi Redio angepata barua ya ajira, barua ya kwanza ya namna hiyo katika maisha yake yote. Yeye mwenyewe aliropoka siku moja wakinywa chai: mkewe alishanunua fremu. Fremu nzuri, ya kioo, na msumari ulishapigwa ukutani sebuleni, juu ya meza ya kulia, mahali ambapo watoto wangeiona barua ya baba yao kila wanapokula. Kwa wakati huo fremu ilikuwa na ile picha ya maua iliyokuja nayo dukani. Bi Daftari alicheka siku hiyo mpaka akavua miwani, ila kicheko kilikuwa cha mapenzi.

Kazini Redio alikuwa mtu wa mikono hasa. Alikuwa akiinamisha kichwa akasikiliza feni, akakuambia ipi itakufa mwezi ujao, na kweli ikafa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, daftari. Wenzake waliandika mistari mitatu minne, yeye aliandika maneno mawili. "Nimesafisha. Sawa." "Nimebadilisha. Sawa." Bi Daftari akazungushia wekundu mpaka kurasa zikaonekana zimepata tetekuwanga.

"Sawa ndiyo nini, Fundi? Sawa kama nini?"

"Nitajirekebisha, mama," Redio alijibu, akijikuna shingo, na kesho yake akaandika "Sawa kabisa."

Sasa, ofisi ile ilikuwa na mashine moja kubwa iliyobeba kila kitu: mita za watu wote, barua zote, ramani zote. Ilinunuliwa mtumba, ikawekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kaunta, bila skrini wala kibodi, inaendeshwa na programu kuu iitwayo Linux, na watu wanaifikia kupitia kompyuta za mezani kwao. Ilikuwa na prosesa mbili. Bi Daftari aliwaeleza wageni hivi: fikiria jiko lenye wapishi wawili, kila mmoja ana kabati lake la vyombo. Kabati ndiyo RAM, kumbukumbu ya mashine. Mpishi wa pili akikuta kabati lake tupu, itabidi aazime vyombo kwa mwenzake, na vya mwenzake vikiisha, wote wawili wanasimama, chakula kinaungua.

Na kweli kilikuwa kinaungua. Injinia alikuwa anapiga hesabu ya bomba jipya la kupeleka maji mitaa ya juu, kila bomba, kila valvu, kila kona, presha inashuka wapi na inapanda wapi. Hesabu ilikwenda vizuri, ikifika asilimia hamsini na mbili inakufa, ikisema kumbukumbu haitoshi. Mashine ilikuwa na giga sitini na nne, kwa mujibu wa orodha ya mali ya ofisi. Injinia akaona hazitoshi, akaomba ziongezwe. Vikaletwa vipande vinne vipya vya RAM, vikubwa zaidi, vichukue nafasi ya vipande vinne vya zamani upande wa prosesa ya pili. Jumla ingekuwa tisini na sita.

Jumatatu asubuhi Bi Daftari alikuwa kwenye kikao. Fundi Redio akaifungua mashine, akatoa vinne, akaweka vinne, akaiwasha. Kwenye daftari akaandika: "Nimeweka RAM nne. Sawa."

Jumanne Injinia akaja mbio, tai imehamia begani. "Mama, imekufa tena!"

Bi Daftari akakaa mezani kwake, akaiuliza mashine ina kumbukumbu kiasi gani. Swali hilo, kwa kuwa kila mtu aliiamini orodha, hakuna aliyekuwa ameiuliza kwa muda mrefu. Ikajibu: giga thelathini na moja na ushei. Akaiuliza kabati la prosesa ya kwanza. Limejaa. La prosesa ya pili? Sifuri.

Damu ikamchemka. Orodha ilisema sitini na nne. Amekuja mtu, ameongeza, zimebaki nusu. Hata mtoto wa shule ya awali angeona mkono wa nani umepita hapo.

"Fundi Redio!"

Redio akaja, bisibisi mkononi.

"Uliikuta na giga ngapi kabla ya kuifungua?"

"Sitini na nne, mama. Si ndiyo zilizoandikwa?"

"Nimekuuliza ulizokuta, sikukuuliza zilizoandikwa. Ulitazama?"

Redio akashusha bisibisi. "Sikutazama."

"Na ulipomaliza, ulitazama?"

"Iliwaka vizuri, mama. Feni zote zilikuwa safi, taa zote kijani..."

"Nimekuuliza ulitazama!"

"Sikutazama."

Bi Daftari akachukua kalamu nyekundu, akazungushia ule mstari wa Jumatatu mara mbili, mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Wakaingia kazini. Siku hiyo na kesho yake, kila mapumziko ya chai, watu wa kaunta waliomba radhi kwa wateja, mashine ikazimwa, ikafunguliwa. Walisugua meno ya vipande vya RAM kwa kifutio cha penseli. Walipuliza vumbi. Walivitoa vipande vipya wakavihamishia upande wa kwanza, vya zamani wakavipeleka wa pili. Bi Daftari akafungua mpaka prosesa yenyewe, akachungulia kwa kioo cha kukuzia kama kuna pini imepinda, huku Redio akishika tochi kwa mikono miwili asitikise. Pini zote zilisimama wima. Wakabadilisha tena. Na kila walipoiwasha, jibu lilikuwa lilelile: thelathini na moja na ushei, na prosesa ya pili sifuri.

Kila hatua Bi Daftari aliiandika. Redio hakuandika kitu, na siku hizo mbili hakucheka na mtu.

Jumatano jioni Meneja akamwita Bi Daftari. Meneja alikuwa mtu mpole, lakini mitaa ya juu walikuwa wanampigia simu kila siku wakiuliza habari ya bomba lao, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Bi mkubwa, Ijumaa saa sita naamua habari ya huyu bwana. Nataka taarifa yako kwa maandishi. Mashine kaiharibu au hakuiharibu?"

Alhamisi asubuhi Bi Daftari akaandika taarifa. Ilikuwa fupi. Kwamba mashine ilikuwa na giga sitini na nne. Kwamba fundi wa majaribio aliifungua bila kupima kabla wala baada. Kwamba hakuandika inavyotakiwa, licha ya kuonywa mara nyingi. Kwamba tangu siku hiyo nusu ya kumbukumbu haionekani. Kila neno aliliamini. Akaifunga kwenye bahasha, akampa katibu muhtasi. Aliporudi kwenye ngazi aliikumbuka ile fremu yenye picha ya maua, na roho ikamuuma, lakini akajikaza. Kazi ni kazi, alijiambia, na akashuka.

Mchana wa siku hiyo alimkuta Redio amekaa sakafuni katika chumba cha mashine, mgongo ukutani, amefumba macho.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza, mama."

"Unasikiliza nini, na wewe! Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Ndiyo inayonishangaza." Redio akafumbua macho. "Mama, naomba nimuulize Injinia jambo moja."

Wakaenda kwa Injinia.

"Kabla sijaweka RAM mpya," Redio aliuliza, "hesabu yako ilikuwa inafia wapi?"

"Asilimia hamsini na mbili."

"Na tangu nimeweka?"

Injinia akatazama karatasi zake. Akatazama tena. "Hamsini na mbili."

"Palepale?"

"Palepale."

Redio akamgeukia Bi Daftari. Hakuwa na sauti ya kushindana. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa redio kwa mwenye redio. "Mama, kitu kilichoharibika hakina adabu. Leo kinakoroma, kesho kinanyamaza, ukikipiga kofi kinaimba. Sisi tumehamisha vipande mara sita. Vikubwa huku, vidogo kule. Namba haijatikisika hata kidogo, thelathini na moja, thelathini na moja. Huko kwenye redio, ukikuta sauti haipandi na kila kitu kizima, basi kuna mtu kaifunga kwa ndani. Hii haijaharibika. Hii imekatazwa."

Kilichomkera Bi Daftari ni kwamba lile swali la asilimia hamsini na mbili angepaswa kuliuliza yeye, tangu Jumanne.

"Kesho asubuhi," alisema, "lete skrini. Tuitazame inavyoamka."

Ijumaa saa mbili Redio akaazima skrini ya keshia, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga, akaifunga kwenye mashine. Wakaiwasha upya, wakasimama wawili wakitazama. Mashine kubwa huchukua muda kuamka, inajipapasa mwili mzima kwanza. Prosesa ya kwanza, ipo. Prosesa ya pili, ipo. Kisha, kabla Linux haijaingia, maandishi meupe yakatokea: kumbukumbu, giga tisini na sita.

"Heee!" Redio akapiga kofi paja lake.

Zote zilikuwepo, tangu Jumatatu. Chuma kiliziona. Aliyekuwa hazioni ni Linux, na Linux huona inachoruhusiwa kuona. Bi Daftari akamwomba Redio akalete chai, si kwa kiu, bali alitaka kuwa peke yake.

Akaiuliza Linux ilipewa maagizo gani wakati wa kuamka. Ikatoa mstari mmoja mrefu, wa maneno ya kawaida ya kila siku, na mwishoni kabisa mwa mstari, limekaa kimya kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango, kulikuwa na agizo: mem=32G. Usitumie zaidi ya giga thelathini na mbili.

Mashine haijiandikii maagizo ya namna hiyo. Ni mkono wa mtu. Akalifuata faili lenye agizo hilo, akatazama liliguswa mara ya mwisho lini, na alipoona tarehe akatafuta kiti.

Tarehe kumi na nne, miaka mitatu nyuma, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Tarehe ile aliijua kuliko ya kwake mwenyewe. Kila mwaka ikifika alioka keki, na mjukuu wake akaipuliza mishumaa na mate juu.

Akainuka, akafungua kabati, akatoa daftari la nane. Kumbukumbu zilianza kumrudia kabla hajafika kwenye ukurasa. Asubuhi ile mashine ilikuwa inaganda kila baada ya dakika chache, na foleni ya kaunta imefika getini, watu wanapiga kelele. Akagundua vipande viwili vya upande wa pili vimekufa. Hakukuwa na muda wa kuifungua. Akaipa mashine agizo ishikilie giga thelathini na mbili za upande mzima tu, isikanyage kule kubovu, mpaka jioni atakapoitengeneza vizuri. Ikasimama. Foleni ikaanza kusogea. Akachukua kalamu aandike, na simu ikaita. Alikuwa binti yake. "Mama, chupa imepasuka, na mume wangu yuko safarini."

Bi Daftari alikimbia. Alikimbia kiasi kwamba alikuja kugundua hospitalini, ukumbini, kuwa daftari liko kwapani na kalamu nyekundu inaning'inia kwenye uzi. Kutoka hapo akachukua likizo ya wiki mbili kumlea mzazi. Aliporudi, mashine ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, hakuna anayelalamika, na yeye kichwani mlikuwa na nepi tu.

Ukurasa ulikuwa huo hapo. Yeye, aliyewarudisha watu getini kwa ajili ya waya wa printa, siku hiyo alikuwa ameandika hivi, kwa wino mwekundu: "Saa tisa na nusu alasiri. Mtoto wa kike. Kilo tatu na robo. Wote wazima." Na sahihi yake. Habari ya mashine, hakuna hata herufi.

Akakaa. Ilikuwa saa tatu na robo. Redio alikuwa bado kwenye foleni ya chai.

Haitakuwa kweli kusema hakujaribiwa. Vile vipande vibovu Redio alishavitoa Jumatatu bila kujua, na kufuta lile agizo ni kazi ya sekunde tano. Ukilifuta, tarehe ya faili inabadilika inakuwa ya leo, na kumi na nne inapotea isipatikane tena. Mashine ingeamka na giga zake tisini na sita, ofisi nzima ingempigia makofi, Meneja angesema huyu mama ni hazina. Taarifa ingebaki kwenye bahasha, na bwana yule mrefu angerudi kwenye kibanda chake bila kujua. Bi Daftari aliyapima hayo yote, na mikono ilikuwa juu ya kibodi. Kisha akaona aibu, aibu kubwa, ya kumtoa jasho akiwa kwenye chumba cha baridi.

Akaiondoa mikono kwenye kibodi, akachukua kalamu nyekundu. Chini ya kilo tatu na robo kulikuwa na nafasi. Akaandika tarehe ya leo, kisha: "Siku ya ukurasa huu niliikataza mashine isitumie zaidi ya giga 32. Sikuandika. Sikurudi kuirekebisha. Kosa ni langu peke yangu. Fundi hakuharibu kitu." Akatia sahihi.

Redio aliporudi na vikombe viwili, Bi Daftari alimpa lile daftari la nane. Redio akaweka vikombe chini, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alimaliza, akarudia.

"Mtoto hajambo lakini?" aliuliza mwishowe.

"Hajambo. Ana miaka mitatu. Anafungua kila kitu na hafungi."

"Basi kapata wa kurithi." Redio alijaribu kucheka, akaacha. Akatazama sakafu. "Mama, siku tatu hizi sijapata usingizi. Nilikuwa najiuliza mikono yangu imekuwaje. Jana nimekuta mke wangu ameitoa fremu ukutani, ameiweka kabatini. Hakuniambia kitu. Kaiondoa tu."

Bi Daftari alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Nisamehe, Fundi."

"Nimekusamehe, mama. Ila na mimi niseme langu." Redio akajikuna shingo. "Mimi siandiki kwa sababu mwandiko wangu mbaya. Shule niliiacha mapema. Nikiandika mengi naona watu wanapita wanasoma, wanacheka. Ndiyo maana naandika sawa. Sikukudharau."

Miezi sita mama yule alikuwa amezungushia wekundu maneno ya mtu bila kumuuliza hata mara moja kwa nini ni machache. Alilimeza hilo nalo. Kisha akaweka daftari kwapani, akapanda ngazi kwa Meneja.

Katibu muhtasi alimwambia bahasha imeshaingia ndani. Naye akaingia. Meneja alikuwa ameifungua, karatasi iko mbele yake, na kalamu mkononi.

"Hiyo si ya kweli," Bi Daftari alisema akiwa bado mlangoni. "Ya kweli ni hii."

Akalifungua daftari mezani, akamsomea ukurasa wote kwa sauti, kuanzia mtoto wa kike, kwa kuwa hakutaka kuruka kitu. Meneja alisikiliza. Kwenye kilo tatu na robo mdomo wake ulicheza kidogo, kwenye mistari ya chini akaweka kalamu mezani.

"Kwa hiyo niandike nini, bi mkubwa?"

"Andika kwamba huyu bwana hakuharibu, na kwamba aliyegundua mashine imekatazwa ni yeye. Mimi nilikuwa nasugua meno ya RAM kwa kifutio."

"Na wewe je?"

"Mimi niandikie onyo. Ningekuwa mimi niliyekaa hapo, ningejiandikia."

"Miaka yote hii hujawahi kupata onyo."

"Ndiyo maana kichwa kilivimba."

Meneja alimtazama, akaona hatanii. Akavuta karatasi mbili.

Wakati wa chai mashine ilizimwa kwa mara ya mwisho wiki hiyo. Bi Daftari alimkalisha Redio kwenye kibodi, yeye akasimama nyuma. Redio akafuta lile agizo, akahifadhi, akaiwasha upya. Ikajipapasa, ikaamka. Akaiuliza. Giga tisini na nne na ushei, na makabati yote mawili yamejaa. Injinia aliitwa, akaanzisha hesabu yake, wakakaa watatu wakitazama asilimia zikipanda: arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja. Kwenye hamsini na mbili ikasita. Injinia akashika tama. Redio akainamisha kichwa, akasikiliza feni.

"Inapumua," alisema. "Subirini."

Hamsini na tatu. Injinia akaruka akamkumbatia mtu wa karibu, na kwa bahati mbaya mtu wa karibu alikuwa Bi Daftari, miwani ikaanguka. Saa nane kasoro hesabu ilikuwa imefika mia, na kwa mara ya kwanza bomba la mitaa ya juu lilionekana kwenye skrini lina maji mpaka nyumba ya mwisho.

Bi Daftari akachukua daftari la kumi na moja, akafungua kalamu nyekundu kwenye uzi wake, akampa Redio. Hakuna mtu aliyewahi kuishika.

"Andika. Yote, kama ulivyoniambia jana. Ya redio, ya adabu, ya kukatazwa. Mtu akicheka mlete kwangu."

Redio akaandika kwa muda mrefu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Herufi zake zilikuwa kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimesimama. Alijaza ukurasa mzima na nusu ya uliofuata. Bi Daftari akausoma wote, akaona umekamilika, akatia sahihi ya ushahidi chini yake.

Walikuwa bado hapo katibu muhtasi alipokuja na bahasha mbili. Moja akampa Redio, moja akampa Bi Daftari. Redio alifungua yake, akaisoma kwa kidole mpaka chini penye muhuri, akageukia ukutani ili wasimwone uso. Bi Daftari akamwacha, akafungua ya kwake, akaisoma mara moja, akaikunja vizuri.

"Fundi," alisema baadaye kidogo.

"Naam, mama." Redio bado alikuwa ametazama ukuta.

"Leo mwambie mkeo airudishe fremu mahali pake."

"Nitamwambia."

"Na umuulize kama duka lile lina nyingine kama hiyo." Aliinua barua ya onyo. "Hii nataka niitundike hapa mlangoni, juu ya kistuli cha daftari."